Mvivu wa Asubuhi

Kila kulipopambazuka, Kalista ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao Kibimba, wilayani Ngara. Alijifunga kanga, akatoa madumu ya maji nje, akafagia uwanja, kisha akarudi ndani kumwamsha mdogo wake, Theodosia. Mwaka huo wa 1998 Kalista alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, akisoma darasa la sita. Theodosia alikuwa na miaka kumi, darasa la nne.

"Amka, maji hayaji yenyewe," alisema Kalista.

Theodosia hakuwa amelala. Siku nyingi alikuwa macho kabla jogoo hajawika, amejilaza chali, mikono imekunjwa juu ya kifua kama kucha za kuku.

"Da Kalista, magoti hayakunjuki," alisema. "Na vidole pia. Ningoje kidogo."

"Magoti hayakunjuki, magoti hayakunjuki! Jana jioni mbona yalikunjuka?"

Theodosia mwenyewe hakuelewa kwa nini. Asubuhi alikuwa mgumu kama gogo. Jua likipanda alianza kulegea. Ikifika alasiri aliweza kutembea, na siku nyingine aliweza hata kuruka kamba na wenzake.

Miaka ile kazi za nyumbani zilikuwa nzito kuliko zamani. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wengi katika kambi ya Lukole, na miti yote ya karibu ilikuwa imekatwa, mingine na wakimbizi waliohitaji kupika, mingine na wenyeji waliowauzia kuni. Mtu alitembea mwendo mrefu ndipo apate mzigo mmoja. Kwenye chemchemi watu walipanga foleni. Baba yao, Malongo, alikuwa Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo, akilima mashamba ya watu, na alirudi nyumbani kwa nadra. Mama yao, Evarista, alibeba ndizi kichwani kila siku kwenda kuziuza sokoni kambini. Kwa hiyo mikono iliyobaki nyumbani ilikuwa minne, na miwili kati ya hiyo haikufanya kazi asubuhi.

Kalista alibeba maji yake na ya mdogo wake. Alikata kuni zake na za mdogo wake. Shingo ilimuuma, na moyo wake ukaanza kujaa chuki.

Siku moja alasiri, mama aliporudi kutoka sokoni, Kalista alimpokea kikapu, akamshika mkono.

"Shikamoo, mama. Njoo uone kitu."

Alimpeleka nyuma ya nyumba ya jirani. Theodosia alikuwa katikati ya wasichana wenzake, anaruka kamba na kucheka.

"Huyo ndiye mgonjwa wako," alisema Kalista.

Evarista alikuwa mama wa kazi, binti wa watu wa kazi, na kwao hakuna aibu iliyoshinda ya kuzaa mtoto mvivu. Alivunja fimbo ya mbuni shambani, akamwita Theodosia, akamchapa miguuni mbele ya wenzake.

"Utaniua bure mwanangu! Mimi nabeba ndizi mpaka kichwa kinaota kipara, wewe asubuhi unaumwa, jioni unaruka kamba! Umejifunza wapi uongo huu?"

"Mama, ni kweli inauma!"

"Nyamaza!"

Kalista alisimama pembeni akitazama. Alihisi mzigo wake umepungua.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Theodosia alichelewa karibu kila siku. Mwalimu wa darasa la nne, Mwalimu Ansbert, alikuwa mwalimu hodari, mwenye kupenda wanafunzi wake wafaulu, lakini hakuwa na subira na wavivu. Alipenda kusema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Asubuhi moja, wakati wa paredi, alimwita Theodosia mbele ya shule nzima.

"Mtazameni huyu," alisema. "Wenzake wanatoka mbali kuliko yeye, na wamefika. Kuna watoto wa wakimbizi waliopoteza kila kitu, na wanasoma chini ya maturubai. Yeye ana nyumba, ana mama, lakini hana haya. Piga magoti!"

Palikuwa na changarawe. Theodosia alijaribu kuinama, akashindwa, akaanguka kwa mikono. Watoto wakacheka. Alikaa hapo juu ya magoti yaliyovimba mpaka paredi ilipokwisha, machozi yakimtiririka bila sauti. Aliposimamishwa, hakuweza kunyoosha mgongo. Alitembea akiburuza mguu.

"Bibi kizee!" mtoto mmoja alipiga kelele. "Bibi kizee anakwenda kuchuma majani ya chai!"

Tangu siku hiyo jina lake likawa Bibi. Kalista alilisikia jina hilo darasani kwao, na marafiki zake walipomtazama kuona atafanya nini, naye akacheka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua. Theodosia alianza kunakili vibaya maandishi ya ubaoni. Aliruka maneno, aliandika tarakimu kombokombo, na mara mbili alijigonga kwenye mwimo wa mlango upande wa kushoto. Mwalimu Ansbert alimchapa kwa ajili ya uzembe wa kuandika. Theodosia alijua kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limeingiwa na ukungu. Halikuuma. Hakumwambia mtu. Aliyeitwa mwongo kwa ajili ya magoti, nani angemwamini kwa ajili ya jicho?

Mvua za masika zilipoanza, asubuhi zikawa na baridi, na ugumu wa viungo ukazidi. Siku moja Evarista aliondoka mapema kuwahi soko la kambini. Aliacha neno moja tu: "Leo nataka kukuta mapipa yote mawili yamejaa."

Kalista alitazama mapipa, akamtazama mdogo wake aliyejikunyata chini ya blanketi. Akaenda nje, akachota kata ya maji yaliyolala nje usiku kucha, akarudi, akammwagia.

Theodosia alipiga yowe.

"Sasa umeamka," alisema Kalista. "Twende."

Alimvuta kwa mkono. Theodosia alitembea akiwa amejikunja, akitetemeka, dumu dogo likimgonga mguuni. Njia ya kwenda chemchemi iliteremka bonde lenye utelezi. Katikati ya mteremko magoti yake yaligoma kabisa. Aliteleza, akaanguka matopeni, akashindwa kuinuka.

"Inuka!"

"Siwezi, da Kalista. Nakuapia kwa Bikira Maria, siwezi."

"Unaapa uongo kwa Bikira Maria? Basi kaa hapo. Kaa mpaka fisi waje wakuonee huruma."

Akateremka mwenyewe. Baada ya kujaza maji hakurudi kwa njia ileile. Alizunguka kwa njia ya juu, ndefu zaidi, ili asikutane na mdogo wake. Alijisemea kwamba jua likichomoza, mvivu yule atainuka kama kawaida yake na kurudi nyumbani. Lakini siku hiyo jua halikuchomoza. Mvua ilinyesha, watu wakakinga maji makwao, na njia ya chemchemi ikabaki tupu.

Shuleni Mwalimu Ansbert alimwuliza, "Mdogo wako yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani, mwalimu. Amelala."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa hasira, akaendelea na kazi zake.

Jioni, Evarista aliporudi na kumkosa Theodosia, Kalista alisema, "Sijui, mama. Labda yuko kwa wenzake anacheza."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulizaa mambo mengine. Giza lilipokaribia, majirani walitoka kumtafuta mtoto. Walitafuta migombani, walitafuta nyumba kwa nyumba upande wa shule, waliita jina lake. Hakuna aliyekwenda upande wa bondeni, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alipita huko. Kalista alitembea pamoja nao na kuita kwa sauti kubwa. Mara moja alitoroka, akakimbia mpaka kwenye mteremko. Alikuta dumu tu, limelala matopeni, na alama za kitu kilichoburuzwa kuelekea barabarani. Alirudi, akaendelea kuita pamoja na wengine. Alimwona mama yake amekaa kizingitini, mikono kichwani, akilitaja jina la mtoto kama mtu anayeomboleza msiba. Kalista alifumba mdomo.

Habari zililetwa asubuhi na mwanamke mmoja muuza mihogo. Mtoto wa Evarista alikuwa hospitali ya kambini, Lukole, na alikuwa hai.

Aliyemwokota alikuwa mkimbizi mmoja aliyeitwa Niyomugabo. Kwao Burundi alikuwa muuguzi, na hapo kambini alifanya kazi wodini. Alikuwa ametoka kutafuta kuni alipomkuta mtoto ukingoni mwa barabara. Theodosia alikuwa amepanda mteremko kwa kujivuta kwa viwiko, mchana kutwa, mvua ikimnyeshea. Niyomugabo alitupa kuni zake, akamweka mgongoni.

"Humura, mwana," alimwambia kwa Kirundi, ambacho kinafanana sana na Kihangaza cha kwao Theodosia. Maana yake ni usiogope. Theodosia alisimulia baadaye kwamba hilo lilikuwa neno la upole la kwanza alilolisikia tangu masika yaanze.

Evarista na Kalista walipofika wodini, walimkuta Theodosia amelala, magoti yamevimba na kung'aa kama mabuyu. Niyomugabo alikuwa amekaa kando yake. Daktari alikuwa mwanamke aliyejifunga mtandio mweupe, Dokta Swabaha, mzaliwa wa Biharamulo mjini, binti wa wafanyabiashara.

"Shikamoo, mama," daktari alimwamkia Evarista.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wangu atapona?"

"Kwanza niambie. Asubuhi huwa anaamkaje?"

Evarista aliinamisha macho. "Asubuhi ni mvivu, dokta. Hafanyi kazi. Lakini alasiri anaruka kamba. Tumemchapa sana, habadiliki."

Daktari aliushika mkono wa Theodosia, akambonyeza taratibu fundo la kidole. Mtoto akakunja uso.

"Mama, huyu si mvivu. Ana ugonjwa wa viungo, na ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Mtu akilala bila kujisogeza, viungo vilivyovimba hukaza. Akiamka anakuwa kama mlango wenye kutu. Akijisogeza saa kadhaa vinalegea. Mlimwona mchana, mkadhani asubuhi anadanganya. Kumbe asubuhi ndipo alipokuwa akisema kweli zaidi."

Evarista alishika ukingo wa kitanda.

"Amelogwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Wala hakuambukizwa na mtu." Daktari alimgeukia Kalista. "Wewe uko darasa la ngapi?"

"La sita, dokta. Shikamoo."

"Marahaba. Mmefundishwa chembe nyeupe za damu?"

"Ndiyo. Ni askari wa mwili. Zinapigana na vijidudu."

"Vema. Sasa askari hawaanzi vita bila amri. Amri ikigonga nje ya chembe, ndani yake kuna vimeng'enya, kemikali za mwili, vinavyoipokea na kuipitisha. Kimoja kinakiamsha kingine, nacho kinakiamsha cha tatu, mpaka askari wote wanasimama na silaha. Mtu mwenye afya, vita vikiisha, vimeng'enya hivyo hutulia. Kwa mdogo wako havitulii. Amri inapita bila adui kuwepo. Kwa hiyo askari wake wanapigana na magoti yake mwenyewe, wakidhani ni adui."

Niyomugabo alikuwa akikunja shuka. Mikono yake ilisimama.

"Askari waliowekwa kukulinda," alisema polepole. "Hilo tunalijua sana sisi wa Burundi." Akamaliza kukunja shuka, akaiweka, akalainisha mikunjo yake kwa kiganja kwa muda mrefu.

"Kuna dawa?" Evarista aliuliza.

"Ipo inayosaidia, prednisoloni. Inawatuliza askari, lakini inawatuliza wote, wabaya na wazuri, kwa hiyo akipata homa au kidonda mumlete upesi. Uso wake unaweza kuvimba. Watu watasema mengi. Msiiache dawa ghafla kwa ajili ya maneno ya watu, kwa maana kuiacha ghafla kunaweza kumwua. Mimi ndiye nitakayeipunguza, kidogo kidogo. Wataalamu wanatafuta dawa ya kukizuia kile kimeng'enya tu kinachopeleka amri ya kosa, na kuwaacha askari wengine kazini. Huku kwetu bado haijafika."

Kisha daktari alichukua tochi, akammulika Theodosia machoni. Alimulika la kulia, akamulika la kushoto, akarudi tena la kushoto. Akalifunika la kulia kwa kiganja.

"Nimeinua vidole vingapi?"

Theodosia alilikodoa jicho la kushoto.

"Sema, usiogope."

"Sivioni, dokta."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupalilia maharage."

Evarista alipiga ukelele. "Mwanangu! Mbona hukuniambia?"

Daktari aliondoa kiganja, na Theodosia akamtazama mama yake kwa jicho lake moja. Hakuwa na hasira. Alijibu kama mtoto anayejibu swali jepesi la darasani.

"Ungenichapa."

Daktari alizima tochi. Alieleza kwamba askari wale wale walikuwa wameshambulia jicho kutoka ndani, bila maumivu, na kwamba lingeokolewa kama mtoto angeletwa mapema. Sasa lilikuwa limekwisha kufa. Angempa dawa ya matone kulilinda lile la kulia.

"Na jambo moja nataka kulijua," alisema. "Mtoto huyu alikaa kwenye mvua kutwa nzima. Mapafu yake yamepata baridi mbaya. Nani alikuwa naye?"

"Nilikuwa peke yangu," Theodosia alisema haraka.

Kalista alijua kwamba mdogo wake hakusema hivyo kwa upendo. Alisema hivyo kwa sababu ya woga, kwa kuwa bado angerudi kulala chumba kimoja na yeye. Kalista angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Mama yake alikuwa analia, na daktari alikuwa tayari amegeuka kuchukua kadi ya mgonjwa mwingine.

"Alikuwa na mimi," alisema Kalista.

Wote walimtazama.

"Nilimmwagia maji ya baridi, nikamvuta mpaka bondeni. Alipoanguka nilimwacha. Nilimdanganya mwalimu. Nilimdanganya mama. Jana jioni mlipomtafuta upande wa shule, nilijua kwamba hakupita huko, nikanyamaza."

Evarista aliinua mkono. Ulikuwa mkono mkubwa, mgumu kwa jembe. Kalista hakujikinga.

"Mama," alisema Dokta Swabaha, "mkono huo umefanya kazi ya kutosha nyumbani kwenu."

Mkono ulibaki juu kitambo, kisha ukashuka. Evarista alikaa sakafuni kando ya kitanda, akaufunika uso wake kwa kanga.

Theodosia alikaa hospitalini mpaka mvua zikapungua. Dawa ilifanya kazi. Vidole vilikunjuka, homa ikaondoka, goti la kulia likawa zuri. La kushoto halikunyooka tena sawasawa, na alipewa fimbo ya kutembelea. Evarista alikwenda shuleni akamweleza Mwalimu Ansbert kila kitu. Mwalimu alimsikiliza amesimama, akaenda wodini kumwona mtoto. Alipanga Theodosia aingie darasani saa yoyote atakayofika, na akaiambia shule nzima kwenye paredi kwamba adhabu ile ilikuwa kosa lake. Watoto walisikiliza. Jina la Bibi likaisha. Baada ya wiki chache uso wa Theodosia ulivimba kwa sababu ya dawa, na wengine waliojua habari za jicho lake wakaanza kumwita Chongo.

Nyumbani, Kalista ndiye aliyechemsha maji kila asubuhi, akayakanda magoti ya mdogo wake kwa kitambaa cha moto. Theodosia alimwachia miguu, akageuza uso ukutani.

Siku ya kurudi kliniki, Kalista alibaki nyuma mama yake na Theodosia walipokwenda dirishani kuchukua vidonge.

"Dokta," aliuliza, "nifanye nini ili anisamehe?"

Dokta Swabaha aliweka kalamu chini.

"Hilo sina dawa yake, Kalista. Magoti nitayatibu. Moyo wake ni wake, na anaweza kusamehe au asisamehe. Lakini nitakuambia neno la kuchukua maishani. Maumivu ya mwenzako huyaoni. Kwa hiyo usiyapime kwa macho yako. Akisema inauma, mwulize inauma wapi, inauma lini, kisha mpelekeni kwa wenye kujua. Mgonjwa asiyeaminiwa hupigwa mara mbili, na ugonjwa na watu, na mara nyingi kipigo cha watu ndicho kinachomfanya aufiche ugonjwa mpaka umwangamize. Ukikosea, sema saa ileile. Ungesema kweli shuleni asubuhi ile, mdogo wako asingejivuta kwa viwiko mpaka barabarani. Uongo wako ulimwongezea mvua."

"Nimeelewa, dokta."

"Kuelewa ni hapa. Kazi yenyewe iko huko nje."

Huko nje Theodosia alikuwa anateremka ngazi ya wodi. Kalista alikimbia, akamnyoshea mkono. Theodosia aliutazama ule mkono, akahamisha fimbo yake, akashika ukuta. Alishuka ngazi mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka chini.

Barabara ya kurudi Kibimba ilikuwa na watu wengi, baiskeli za mikungu ya ndizi na malori ya chakula cha wakimbizi. Mama alitangulia. Kalista alipunguza mwendo, akaenda sambamba na mdogo wake upande wa kushoto, ule upande ambao Theodosia hangeweza kuyaona magari yakija.